Kimevunjika au Nimekivunja? Mjadala wa Kauli katika Maelezo Binafsi ya Mwombaji wa Sheria

Maelezo binafsi ni insha fupi ambayo mwombaji wa nafasi katika shule ya sheria ya Marekani huiambatisha na alama zake za mtihani, matokeo ya masomo na barua za mapendekezo. Kwa kawaida haizidi kurasa mbili. Huko sheria husomwa baada ya kupata shahada nyingine, na shule zinazogombewa hupokea waombaji wengi ambao alama zao hazitofautiani sana. Katika insha hii kamati ya udahili humsikia mwombaji akijisemea mwenyewe. Dar es Salaam na Nairobi desturi hiyo haipo. Anayetaka kusoma shahada ya kwanza ya sheria kwa kawaida huchujwa kwa ufaulu wake wa sekondari. Ndiyo maana wakili wa Kitanzania anayeomba shahada ya uzamili ng'ambo, au kijana wa Kikongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla familia yake haijahamishiwa Marekani, huweza kukutana na insha ya namna hii kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, tena kwa Kiingereza.

Ushauri anaokutana nao mapema ni wa vitenzi: aandike kwa kauli ya kutenda, aikwepe kauli ya kutendwa. Aseme “niliandaa mkutano”, asiseme “mkutano uliandaliwa”. Ushauri huo una watetezi na una wapinzani, na kila upande una jambo la kweli ambalo mwenzake hupenda kulipita haraka.

Mtoa hoja, anayetetea kutenda, ana kazi nyepesi mwanzoni. Kamati, anasema, haikuomba taarifa ya mradi, inamtafuta mtu. Mwombaji anayeandika “kituo cha msaada wa kisheria kilianzishwa, wanakijiji sabini walisaidiwa na kesi tatu za ardhi zilifunguliwa” ametaja kituo, wanakijiji na kesi, ila yeye mwenyewe hayumo. Alikianzisha yeye? Alikuwa karani wa kuandika majina mlangoni? Au alifika siku ya ufunguzi akala pilau akaondoka? Msomaji hajui, na asiyejua hukadiria chini. Sentensi hiyo ikigeuzwa kuwa “niliwaandalia wanakijiji saba rasimu za hati za kiapo”, kazi imepungua ukubwa lakini mtu ameonekana.

Mashahidi wake ni wakubwa. William Strunk, mwalimu wa Kiingereza wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliweka amri ya kutumia kauli ya kutenda katika kijitabu chake cha mwaka 1918, na E. B. White alipokihariri upya na kukitoa mwaka 1959, amri hiyo ikaingia madarasani kote Marekani. George Orwell naye, katika insha yake ya 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, aliitia katika kanuni zake sita.

Mpinga hoja hawakatai mashahidi hao. Anawahoji. Orwell, anasema, aliishutumu kauli ya kutendwa kwa sentensi ambayo yenyewe imo katika kauli ya kutendwa. Na mwaka 2009 mwanaisimu Geoffrey Pullum, wakati huo akifundisha Chuo Kikuu cha Edinburgh, alionyesha kwamba katika jozi nne za mifano ambazo kitabu cha Strunk na White kinazitoa chini ya kanuni hiyo, tatu hazina kutendwa ndani yake. Waliotunga amri hawakumtambua vizuri waliyemhukumu.

Kosa hilo lina chanzo. Kauli ya kutendwa ya Kiingereza huundwa kwa kitenzi kisaidizi chenye maana ya “kuwa”, na kisaidizi hicho hufanya kazi nyingine chungu nzima. Msahihishaji mwenye haraka akikiona hupiga mstari mwekundu, hata pale ambapo hakuna aliyetendwa jambo. Kiswahili hakitoi nafasi kubwa ya kuchanganyikiwa hivyo, kwa kuwa alama ya kutendwa hukaa ndani ya kitenzi chenyewe, ni ile -w- kabla ya irabu ya mwisho: piga, pigwa, shtaki, shtakiwa, pokea, pokelewa. Yapo maneno machache yanayodanganya jicho, kama kuelewa, kuchelewa na kufanikiwa, yenye sura ya kutendwa na maana ya kutenda. Hilo la mwisho hupendwa mno na waandishi wa ripoti. “Tulifanikiwa kuendesha semina” humaanisha tu kwamba semina iliendeshwa, na neno la mafanikio limewekwa pale kama ua kwenye meza.

Hoja ya pili ya mpinzani ina uzito zaidi.

“Mwenzangu,” husema, “hakuna aliyejizaa. Mtu huzaliwa, hupewa jina, hulelewa, hupelekwa shule. Na wengine hunyang'anywa, hufukuzwa, hufungwa bila kosa. Ukimwambia mwombaji afute kila kitendwa, umemwambia afute nusu ya maisha yake, na mara nyingi ni ile nusu iliyomfanya aipende sheria.”

Kisha huongeza kwamba sheria yenyewe haiwezi kutembea bila kauli hiyo. Kiswahili cha mahakamani kimewagawa watu kwa kauli hizi mbili: mdai na mdaiwa, mlalamikaji na mlalamikiwa, mrufani na mrufaniwa. Anayesimama kizimbani ni mshtakiwa, na kabla ya hapo alikuwa mtuhumiwa. Majina hayo humlinda mhusika. Gazeti likiandika kwamba mtu “anadaiwa kuiba”, -w- ile ndiyo inayomtenganisha na mwizi mpaka hakimu aseme vingine. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, ambayo yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, mwanasheria wa huko anahitaji kuijua kauli hiyo kwa undani kuliko wakati wowote.

“Sawa, ndugu yangu,” hujibu mtoa hoja, “lakini anayeomba nafasi ya masomo haendi mbele ya kamati kama mdaiwa.”

Kwa Kiingereza mjadala huishia hapo, kila upande ukirudia ya kwake. Kwa Kiswahili haujaanza. Sababu ni kwamba Kiswahili kina kauli nyingine mbili ambazo Kiingereza kinazisema kwa kuzunguka, na zote mbili huingia katika insha ya mwombaji bila kubisha hodi: kutendeka na kutendewa.

Kutendeka kwanza, maana ndiko kwenye hatari. Kikombe kikianguka jikoni, mama akauliza, mtoto hujibu kwamba kimevunjika. Hasemi kimevunjwa, kwa sababu “kimevunjwa” huita swali la pili papo hapo: na nani? “Kimevunjika” hulifunga. Sarufi yenyewe iko upande wa mtoto, kwa kuwa hakuna anayesema “kikombe kimevunjika na Juma”. Kauli ya kutendwa humficha mtenda nyuma ya pazia, na pazia linaweza kuvutwa wakati wowote. Kutendeka humwondoa kabisa ukumbini. Mzee wa kwanza kuigundua tofauti hiyo lazima alikuwa na watoto wengi.

Wanasiasa wameijua njia hiyo muda mrefu. Januari 1987, katika hotuba yake ya hali ya taifa mbele ya Bunge la Marekani, Rais Ronald Reagan alizungumzia kashfa ya silaha zilizouzwa Iran na akakiri kwamba makosa makubwa yametokea, bila kutaja aliyeyafanya. Kiingereza chake kilikuwa cha kutendwa. Mfasiri wa Kiswahili angekuwa na njia mbili, “makosa yalifanywa” au “makosa yalifanyika”, na ya pili ingeubeba moyo wa hotuba vizuri zaidi.

Majaji nao wamelazimika kulitolea jambo hili hukumu. Katika shauri la Dean dhidi ya Marekani, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2009, mtu aliyekuwa akipora benki katika jimbo la Georgia alikuwa akizoa fedha kwa mkono mmoja, na bastola ya mkono wa pili ikalia. Risasi ilipiga kizuizi cha ofisini, hakuna aliyejeruhiwa. Sheria inaweka kifungo kisichopungua miaka 7 silaha ikionyeshwa kwa vitisho, na kisichopungua miaka 10 ikipigwa risasi. Mshtakiwa alijitetea kwamba hakukusudia. Jaji Mkuu John Roberts, akiandika kwa niaba ya majaji walio wengi, alijibu kwamba Bunge lilitumia kauli ya kutendwa, na kauli hiyo hutazama tukio lenyewe bila kujali nani alilifanya au alikuwa na nia gani. Miaka 10 ikabaki.

Hapo mfasiri, ambaye katika mjadala huu ni sauti ya tatu, huomba kusema. Kwa Kiswahili, anasema, utetezi wa mtu yule usingehitaji maelezo marefu: bastola haikufyatuliwa, ilifyatuka. Bunge la Marekani liliandika kwa umbo la kufyatuliwa, na majaji wakalisoma kwa maana inayokaribia kufyatuka. Mwandishi wa sheria wa Kiswahili angelazimika kuchagua neno moja tangu kwenye rasimu, na uchaguzi wake ungekuwa na thamani ya miaka mitatu ya mtu gerezani.

Mwaka 2023 mahakama hiyo ilirudi palepale. Shauri la Bartenwerfer dhidi ya Buckley lilihusu mke aliyeuza nyumba ya San Francisco kwa ubia na mumewe. Kasoro za nyumba zilifichwa, na deni lililotokana na udanganyifu huo likawafuata hadi kwenye ufilisi. Je, mke ambaye hakuwa mdanganyifu anabanwa na deni hilo? Majaji wote tisa walisema anabanwa, kwa sababu sheria inataja fedha zilizopatikana kwa udanganyifu, haisemi udanganyifu wa nani. Jaji Amy Coney Barrett alieleza kwamba kauli ya kutendwa humwondoa mtenda jukwaani. “Zilizopatikana”, tafsiri inayokuja yenyewe mdomoni, ni kutendeka.

Mashauri haya yana maana kwa mwombaji, kwa kuwa wanaosoma insha yake huitumikia taaluma ambayo imemfunga mtu miaka 10 kwa ajili ya kauli ya kitenzi. Akiandika kwamba “kutoelewana kulitokea katika chama cha wanafunzi”, wataona pengo na watauliza nani hakuelewana na nani.

Kauli ya kutendewa ina kisa tofauti kabisa. Kiswahili humwezesha mtu aliyepatwa na jambo kukaa mbele ya sentensi hata kama jambo lenyewe halikumgusa mwili. Mtu huibiwa simu, hunyeshewa njiani, huchomewa nyumba, hufiwa na baba. Kitenzi “kufa” hakimtendi yeyote, lakini Kiswahili kimekinyambua mpaka aliyebaki hai akapata nafasi yake katika msiba. Kiingereza hakina njia hiyo. Anayetafsiri “niliibiwa simu” neno kwa neno atawaambia Wamarekani kwamba yeye ndiye aliyebebwa na wezi. Anayejirekebisha na kuandika kwamba simu yake iliibwa amepata sarufi sahihi, lakini simu imechukua kiti chake. Na kuhusu kufiwa, inabidi aseme baba alikufa, sentensi ambayo ni ya baba peke yake.

“Kwa hiyo,” mfasiri huwaambia wasemaji wawili, “mnamlaumu Mswahili kwa kupenda kutendwa, na kumbe amepoteza kutendewa. Ile yake ilimweka yeye mbele. Hii aliyopewa inaweka mbele vitu.”

Dawa yake ni ya kiufundi tu. Sentensi ya kutendewa isihamishiwe Kiingereza kama kutendwa. Atajwe aliyetenda, iwapo anajulikana, kisha sentensi inayofuata ianze na mwombaji mwenyewe: wanamgambo waliichoma nyumba, mimi nilikuwa na miaka sita, niliona. Nafasi iliyopotea katika kitenzi hurudishwa kwa mpangilio wa sentensi.

Lipo pia suala la haya. Katika jamii nyingi za Waswahili anayesema “mimi, mimi” hadharani huonekana mwenye majivuno, na mtu aliyelelewa vizuri husema tumejaliwa, tumesaidiwa, nilichaguliwa, au huhamia kwenye “sisi” hata kazi alipoifanya peke yake usiku. Mtoa hoja huliona hilo kama ugonjwa wa kutibiwa. Amekosea. Mwanafunzi aliyechaguliwa na wenzake kuwa kiongozi ana sababu nzuri ya kuandika “nilichaguliwa”, kwa kuwa tendo lilikuwa la wenzake, na kuligeuza kuwa “nilipata uongozi” ni kuwapora kura zao. Lakini kilichofuata baada ya uchaguzi ni chake. Hapo “sisi” ya adabu humpotosha msomaji wa mbali, ambaye hana namna ya kujua kwamba sisi hiyo ina mtu mmoja.

Tarehe 29 Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha udahili, katika mashauri yaliyohusu Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina. Jaji Mkuu Roberts aliacha mlango mmoja: mwombaji anaweza kueleza jinsi rangi yake ilivyoyagusa maisha yake, ikiwa ni pamoja na ubaguzi, na chuo kinaweza kulizingatia hilo alimradi kinachopimwa ni ujasiri na bidii ya mwombaji huyo mwenyewe. Ukiisoma hukumu hiyo kwa jicho la kisarufi, inataka kauli mbili kwa mfuatano. Ubaguliwe, kisha utende. Insha ya kutenda tupu haielezi kilichoshindwa. Insha ya kutendwa tupu haionyeshi aliyeshinda.

Mfano mmoja wa kutunga unatosha kuonyesha kazi hiyo. Rasimu ya kwanza ya kijana wa kambini inasomeka hivi: “Vita vilizuka Fizi na ikalazimu kuhama. Maisha yalikuwa magumu. Baadaye nafasi ya kutafsiri ilipatikana, watu wengi walisaidiwa, ingawa changamoto zilijitokeza.” Kila kitu kimetokea, hakuna aliyefanya. Vita vimejizukia kama mvua, nafasi imejileta, changamoto zimejitokeza zenyewe.

Rasimu ya pili: “Wanamgambo walituchomea nyumba Fizi. Tulipokelewa Nyarugusu, na hapo nililelewa na shangazi. Nikiwa na miaka kumi na saba nilianza kuwatafsiria majirani kwenye mahojiano ya ukimbizi. Siku moja mama mmoja alisema mumewe amepotea, nami nikatafsiri kwamba amekufa. Akaandikwa mjane. Kesho yake nilirudi kwa afisa nikamwambia kosa ni langu.”

Humo mna kutendwa mara tatu: kupokelewa, kulelewa, kuandikwa. Hakuna hata moja la kufutwa, kwa sababu kijana hakujipokea, hakujilea, na aliyeshika kalamu alikuwa afisa. Nyumba imeungua mikononi mwa watu wenye jina. Kutoka “nilianza” kuendelea matendo ni yake, likiwemo lile la kumuua mume wa mtu kwa neno moja. Mtoa hoja anaweza kuidai rasimu hiyo kuwa ushindi wake, na mpinga hoja vilevile. Ukweli ni kwamba wote wawili wameshindwa, na kutendeka kumeondolewa, jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelidai.

Hitilafu hizi huwa na gharama kubwa zaidi nje ya insha yenyewe. Fomu za maombi ya shule za sheria za Marekani zina kipengele cha tabia na maadili, kinachomtaka mwombaji ataje adhabu alizopewa chuoni na mashtaka ya jinai, pamoja na maelezo mafupi ya kila moja. Katika kipengele hicho, kutendwa kuna mahali pake: nilikamatwa, nilishtakiwa, niliachiwa. Hayo ni matendo ya polisi na ya mahakama. Lakini aliyenakili kazi ya mwenzake aandike “nilinakili”, wala asiandike kwamba ulinganifu wa kazi ulibainika. Mwombaji pia huthibitisha kwamba yote aliyoyaeleza ni kweli na yamekamilika. Akimaliza shule na kuomba leseni ya uwakili, mamlaka ya jimbo humuuliza maswali ya aina hiyohiyo upya, na huweza kuyalinganisha majibu yake na yale aliyoyaandika siku ya maombi.